Ile damu nyeusi ya hijama ni uchafu kweli? Nataka kwenda mara ya kwanza, naombeni mwongozo

#1 Mama Shufaa

Habari za jioni wadau.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, mwaka wa 14 huu kwenye kiti kilekile. Bega la kulia limekaza mpaka kuinua mkono nifunge nywele imekuwa shughuli. Diklofenaki nimemeza, dawa za kuchua nimepaka mpaka nyumba nzima inanuka, nafuu inakuja siku mbili inaondoka.

Wifi yangu kapiga hijama juzi, ile tiba ya kubandika vikombe vya kuvuta ngozi na kutoa damu. Kanionyesha picha kwenye simu: vikombe sita mgongoni, ndani damu nyeusi tii, imeganda kama ini la mbuzi. Kaambiwa ule ni uchafu wa miaka yote umetoka. Jumamosi anataka anipeleke na mimi.

Nauliza: ile damu ni uchafu kweli? Wanafanyaje hasa, maana wembe naogopa? Na anayetumia vidonge vya presha anaruhusiwa? Mimi natumia mwaka wa pili sasa.

Waliowahi na wanaoifanya hii kazi, njooni.

#2 Chuma Chakavu

Nimekaa siti ya mbele. Kiuno changu nacho kina kesi.

#3 Hajjam wa Ng'ambo

Asalaam alaykum. Mama Shufaa, mimi nipo kwenye kazi hii mwaka wa 9, Unguja. Nakueleza vilevile ninavyomweleza mtu anayeingia kwangu mara ya kwanza.

Unakuja umekula, lakini uwe umemaliza kula saa mbili tatu nyuma. Mwenye njaa huanguka, nimeshawadaka wawili. Nakuuliza maradhi uliyonayo, dawa unazotumia, kama una mimba, kama umewahi kujikata damu ikakataa kukatika. Nakupima presha. Ndipo unalala kifudifudi.

Naisafisha ngozi, naweka kikombe cha plastiki chenye valvu kichwani, navuta hewa kwa pampu ya mkono mara mbili tatu. Ngozi inapanda ndani ya kikombe kama andazi linavyofura kwenye mafuta. Utahisi kuvutwa na kubanwa, si maumivu. Nakiacha dakika 3 mpaka 5. Nakitoa, nachanja juu juu kwa wembe mpya, vikwaruzo vifupi kama vya kucha za paka, nakirudisha kikombe. Damu inajitokea yenyewe taratibu. Namwaga, nafuta, narudia mara mbili au tatu. Mwisho napaka asali au mafuta ya habasoda, nafunga. Nusu saa hivi tumemaliza.

Kwa bega lako ningeanza na *kahil*, pale shingo inapokutana na mgongo, kisha juu ya bega lenyewe. Siku nzuri zaidi ni tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu, kama ilivyokuja kwenye hadithi. Na hii ni tiba ya Mtume (SAW). Imo kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari kwamba shifaa imo katika vitu vitatu: kinywaji cha asali, mchanjo wa mwumikaji (mpiga hijama) na kuchoma kwa moto, na huko kuchoma akawakataza umma wake.

Damu ile ni iliyokaa chini ya ngozi, imechoka, haizunguki vizuri. Kikombe cha kwanza hutoka nyeusi, cha tatu hutoka nyekundu safi. Hilo naliona kila siku kwa macho yangu.

#4 Nesi wa Zamu

Maelezo ya #3 nimeyapenda, hasa kupima presha na kuuliza dawa, maana wengi hawaulizi chochote. Ila kwenye damu naomba nisahihishe, nimefanya kazi wodini miaka 11.

Damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, huwa na rangi ya giza kwa watu wote kwa sababu oksijeni imeshaiacha huko njiani. Siku ukitolewa damu maabara angalia lile bomba: si nyekundu ya nyanya, inaelekea zambarau. Kuganda nako hakuna ajabu. Damu ikitoka nje ya mshipa ikatulia dakika kadhaa lazima igande. Isipoganda, hapo ndipo tunaitana. Na uchafu wa damu unasafishwa na figo na ini, usiku na mchana, ngozi ya mgongoni haina kazi hiyo.

Madoa ya mviringo yanayobaki baada ya kikombe nayo si sumu. Ni vimishipa vidogo vilivyopasuka kwa kuvutwa, kama unavyovilia damu ukijigonga. Yanaondoka ndani ya wiki moja hadi mbili.

Sisemi usiende. Kwa maumivu ya mgongo na shingo zipo tafiti zilizoona watu wanapata nafuu ya muda mfupi, ingawa nyingi ni ndogo na hazina nguvu. Shida yake ni kwamba ni vigumu kumwekea mtu kikombe cha uongo asijue, sasa nafuu ya kikombe na nafuu ya imani zinakuja zimeshikana mikono.

Mama Shufaa, kabla ya yote chukua pakiti za vidonge vyako, soma majina, utuandikie hapa.

#5 Kifua Zege

Mbona mnamtisha na wembe? Ipo ya vikombe vikavu, hakuna kuchanja. Michuano ya Olimpiki ya Rio 2016 muogeleaji Michael Phelps aliingia bwawani na madoa ya mviringo begani, dunia nzima ikaanza kuuliza ni nini kile. Na medali akabeba. Mimi jimu huwa nafanya baada ya kunyanyua, dakika 5 mpaka 10, ngozi tu inavutwa. Kesho yake mwili mwepesi.

#6 Nesi wa Zamu

Phelps alikuwa anabeba medali tangu Athens 2004, mdogo wangu. Madoa tumeyaona 2016. 😀 Ila kuhusu vikavu umenisaidia, nilikuwa naelekea huko.

#7 Mzee wa Pangani

Nawasoma tu wajukuu. Mnaiita hijama kana kwamba imeshuka jana na ndege. Sisi tuliita kuumika, na chombo chake chuku.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwumikaji. Chuku lake lilikuwa pembe la ng'ombe limekatwa urefu wa kidole na nusu, mdomo mpana umesuguliwa kwa jiwe mpaka ukawa laini kama kikombe cha kahawa, na kwenye ncha katoboa kitundu cha kupitisha kijiti cha kiberiti. Akilitia kwanza kwenye maji ya moto. Analisimamisha mgongoni, anafyonza hewa kwa kinywa pale kwenye ncha, mashavu yanaingia ndani. Nta ya nyuki alikuwa ameiweka mdomoni tangu mwanzo, pembeni ya ulimi. Akishafyonza vya kutosha anaisukuma kwa ulimi inaziba kitundu, anaachia mdomo, chuku linabaki limeng'ang'ania. Sisi watoto tulikuwa tunashindana kuiga na maganda ya konokono, hakuna aliyeweza kuziba kwa ulimi.

Wavuvi walikuja kwake wakitoka kuvuta nyavu. Mgonjwa analipa anachojaliwa, samaki, nazi, mchele. Wala hakusema ni damu chafu. Alisema ni "damu iliyolala", anaiamsha.

#8 Hajjam wa Ng'ambo

Mzee umenikumbusha mbali, shikamoo. "Damu iliyolala" ndiyo niliyokuwa naitafuta, dada nesi kaniwahi tu na ulimi wangu mbaya.

#9 Mwalimu wa Sarufi

Hapo kwenye chuku naomba niingie kidogo, ni eneo langu.

Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo neno *chuku* kwa maana hiyohiyo ya pembe la kuumikia. Na ndilo lililotuzalia *kupiga chuku* kwa maana ya kukuza habari. Nilivyofundishwa mimi ni kwamba habari inafurishwa kama ngozi iliyo chini ya chuku. Wapo wanaosema ni kwa sababu wapiga chuku walikuwa wakijitangaza mno sokoni. Mimi nafuata hiyo ya kwanza.

*Umika* na *umua* zinatumika pia kwa unga uliotiwa hamira. Hajjam ametaja andazi bila kujua amegusa palepale.

#10 Mtoto wa Buyenzi

Salamu kutoka Bujumbura. Mwalimu, kwa Kirundi sisi tunasema *kurumika*, na ni jambo la zamani sana huku, bibi zetu wa milimani ambao hawajaona bahari wala Mwarabu walikuwa wakirumika kwa pembe. Je, neno letu na lenu ni moja?

#11 Mwalimu wa Sarufi

Ni moja kabisa! Kiganda nao wanasema *okulumika*. Kiswahili kina tabia ya kuangusha ile l au r ya Kibantu: Kirundi *kuruma*, Kiganda *okuluma*, sisi *kuuma* kwa meno. Basi *kurumika*, *okulumika*, sisi *kuumika*. Sauti iliyoanguka inajificha kwenye nomino: chombo cha kuumikia kwa jina jingine ni *ndumiko*, ile d imebaki imelindwa na n, kama ilivyo *mume* na *ndume*.

Kwa hiyo tendo lenyewe lina jina la Kibantu kutoka pwani mpaka maziwa makuu. *Hijama* ni Kiarabu, shina lake ni kufyonza, limekuja baadaye likakaa juu ya kitu ambacho tayari kilikuwapo.

#12 Hajjam wa Ng'ambo

Mwalimu, jina la Kibantu silikatai. Lakini utaratibu ninaoufuata, siku zake, sehemu zake za mwili, umekuja na dini. Babu yake Mzee wa Pangani alikuwa Mwislamu pia, si ndivyo Mzee?

#13 Mzee wa Pangani

Alikuwa Mwislamu, na alianza kwa bismillahi. Pembe lenyewe alirithi kwa mjomba wake Mzigua wa bara aliyekuwa hajasilimu. Sasa hapo chagueni wenyewe.

#14 Mwana wa Igunga

Huku kwetu pembe lina sura nyingine ambayo hamjaitaja. Mganga anakuumika, kisha anamwaga kwenye sahani na ndani ya damu kuna kipande cha mfupa, nywele, siku nyingine msumari. Unaambiwa umetupiwa na jirani. Mama yangu alitolewa "vitu" vinne kwa awamu nne, kila awamu na mbuzi wake. Nikiwa mkubwa nikamwona mganga yuleyule akiweka kitu ndani ya ile nta kabla hajaanza. Jirani aliyesingiziwa alikuwa shangazi yangu, hawakusemeshana mpaka mmoja akazikwa. Nasema haya kwa uchungu. Ukiambiwa kuna kitu kimetoka mgongoni mwako zaidi ya damu, vaa nguo uondoke.

#15 Chuma Chakavu

Pole sana mkuu #14.

#16 Bint Kisauni

Niko Mombasa. Nilifanya ya vikombe vikavu, vya glasi na moto, kwa fundi aliyejifunza kwa Wachina. Anachovya pamba kwenye spiriti, anaiwasha, anaizungusha ndani ya glasi sekunde moja, anaitoa, anabandika. Moto unakula hewa yote ndani ndiyo maana inavuta. Nilipata malengelenge mawili, alibandika glasi ingali moto mdomoni. Kovu moja ninalo mpaka leo.

#17 Kemia Kidato cha Sita

Pole dada. Sahihisho dogo: moto haumalizi hewa. Unaipasha, inatanuka, nyingi inatoka nje ya glasi. Ukibandika, iliyobaki inapoa na kusinyaa, msukumo wa ndani unashuka chini ya ule wa nje, ngozi inapanda. Chuku la Mzee na pampu ya Hajjam vinafanya kitu kilekile bila moto, na hakuna wa kuungua.

#18 Abuu Nusayba

Mimi nina la baba, nalo ni la kumjibu Mama Shufaa moja kwa moja kuhusu presha.

Baba alikuwa na presha miaka 8. Akaenda kupiga hijama kwa mtu mmoja, jina silitaji. Alivyotoka alijisikia mwepesi kweli, akapimwa palepale, imeshuka. Akaambiwa: mzee, vidonge achana navyo, mwili umesafishika, njoo kila mwezi. Akaacha. Sisi watoto hatukujua, pakiti alikuwa anazitunza kwenye koti. Wiki ya tatu mdomo ukaenda upande akiwa msikitini. Kiharusi. Yupo hai, alhamdulillah, ila mkono wa kushoto haujarudi, na kuongea anaongea kwa kutafuta maneno.

Hijama yenyewe siilaumu, ile kauli ya "achana na vidonge" ndiyo inayoniuma mpaka leo.

#19 Hajjam wa Ng'ambo

Sheikh Abuu, hili limeniumiza. Allah amponye mzee. Kwa wote wanaosoma: mimi na kila ninayemfundisha, dawa ya hospitali hatuigusi. Presha kushuka baada ya kulala kifudifudi nusu saa ni jambo la kawaida, haimaanishi imepona. Anayekuambia uache dawa aliyokuandikia daktari, mkimbie, hata awe na ndevu mpaka kitovuni.

#20 Mama Shufaa

Nimerudi. Jamani sikutegemea, nimesoma yote na nguo ya mteja nimeiacha haijakunjwa pindo. #18 pole sana kaka.

Nesi, nimesoma pakiti. Moja imeandikwa amlodipini miligramu 5. Nyingine ni kidonge kidogo, aspirini 75. Hicho cha pili nilikuwa nadhani nacho ni cha presha.

#21 Nesi wa Zamu

Nashukuru umesoma. Aspirini hata ile ndogo inapunguza uwezo wa damu kuganda. Ukichanjwa vikwaruzo sehemu sita, vinaweza kutoka damu muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Usiiache mwenyewe ili uende hijama. Nenda kwa aliyekuandikia, mwulize kwa nini alikupa na kama unaweza kuchanjwa. Mpaka akujibu, ya wembe usifanye. Kama moyo umeng'ang'ania Jumamosi, fanya vikombe vikavu tu, na umwambie fundi kuhusu aspirini kabla hujalala.

Wengine ambao hawafai kuchanjwa: wanaotumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), wenye hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda), wenye upungufu wa damu, wenye selimundu. Wajawazito wasiwekewe vikombe tumboni wala kiunoni. Juu ya kidonda, juu ya mishipa iliyovimba miguuni, juu ya uvimbe usiojulikana ni nini, hapana.

Na pale #3 aliposema wembe mpya nataka nipasemee. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, siku 7 au zaidi. Kusuuza kikombe na kukifuta kwa spiriti hakutoshi. Mwambie akufungulie pakiti ya wembe mbele yako, vikombe vya damu viwe vyako peke yako, avae glavu, na wembe ukishatumika uingie kwenye lile sanduku la manjano la vitu vya ncha kali. Akinuna, umeshapata jibu lako.

#22 Mtanashati wa Jeddah

Huku Saudia ndivyo ilivyo, kuna kituo cha taifa cha tiba mbadala kinachotoa leseni za hijama, na mwenye chumba bila leseni anafungiwa. Huko nyumbani nani anasimamia?

#23 Mwanasheria Mstaafu

Tanzania Bara kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, iliyounda Baraza la kusajili waganga na vituo. Zanzibar wana baraza lao. Mama Shufaa, unayo haki ya kuuliza cheti cha usajili na kukisoma ukutani.

#24 Bint Kisauni

Na Ramadhani je? Nilikatazwa kufanya mchana wa saumu.

#25 Abuu Nusayba

Ipo hadithi ya "amefungua mwumikaji na mwumikwaji", Imam Ahmad akaishika, kwake saumu inabatilika. Na ipo ya Ibn Abbas kwamba Mtume (SAW) aliumikwa naye amefunga. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi pwani, saumu haibatiliki, ila inachukiza kwa sababu inadhoofisha. Fanya usiku, umetoka kwenye mjadala.

#26 Kifua Zege

Wakuu swali langu: kama damu si chafu, na sumu haitoki, mimi kwa nini nikitoka pale najisikia mwepesi? Naongopewa na mwili wangu mwenyewe?

#27 Kemia Kidato cha Sita

Mwaka 1965 Melzack na Wall walipendekeza kwamba uti wa mgongo una kitu kama mlango: hisia za kuguswa na kubanwa zikijaa, zile za maumivu zinabanwa zisipite. Ukijigonga kiwiko unasugua, maumivu yanapungua, mfano wake ni huo. Kikombe kinabana sehemu kubwa kwa dakika kadhaa.

#28 Hajjam wa Ng'ambo

Nami nasema msuli uliokaza unainuliwa badala ya kukandamizwa. Massage inabonyeza, kikombe kinavuta juu. Damu mpya inaingia palipokuwa pamebanwa. Wateja wangu makuli wa bandarini hawaijui milango ya uti wa mgongo, wanajua kesho yake wamebeba mzigo.

#29 Nesi wa Zamu

Na mimi naongeza kulala nusu saa bila simu, mtu mpole anakuuliza unaumwa wapi na anakusikiliza mpaka mwisho. Hospitalini kwetu kwa foleni ile hiyo dawa imeadimika.

Ila Hajjam, bado hujanijibu mbona cha tatu hutoka nyekundu.

#30 Hajjam wa Ng'ambo

Kwa sababu iliyolala imeisha.

#31 Nesi wa Zamu

Au kwa sababu cha tatu unakiacha muda mfupi, haijapata nafasi ya kuganda na kutiwa giza. Hebu siku moja kiache cha tatu muda uleule wa cha kwanza, utuambie.

#32 Hajjam wa Ng'ambo

Nitafanya. Nitapima kwa saa, nitapiga picha kwa idhini ya mteja.

#33 Mwana wa Igunga

Na bei? Wifi yake Mama Shufaa alitozwa kwa kikombe au kwa kichwa?

#34 Mama Shufaa

Kwa kikombe. Sita, elfu tano tano.

#35 Abuu Nusayba

Abu Taiba alipomwumika Mtume (SAW) alilipwa pishi ya tende, na mabwana zake, maana alikuwa mtumwa, wakaambiwa wampunguzie kodi. Pishi ni ileile tunayotolea fitri. Anayemtoza fundi cherehani laki mbili kwa "kifurushi cha usafi wa damu" amwogope Mungu.

#36 Mama Shufaa

MREJESHO, siku 9 baadaye.

Nilikwenda kwanza kliniki. Aspirini daktari kasema niendelee nayo, na kuchanjwa kaniambia nisichanjwe. Jumamosi nikaenda na wifi, nikasema vikavu tu. Yule bwana alikunja uso kidogo, akasema "bila damu utakuwa umeacha ugonjwa ndani", nikamwambia ugonjwa ni wangu nitautunza. Wifi alicheka mpaka akatoka nje.

Vikombe vinne, dakika 7 nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Kilichokuwa juu ya bega nilikisikia kama mtu kanikamata kwa kiganja chote ananiinua kitandani. Madoa mawili yalikuwa mekundu tu, mawili yamekwenda zambarau, na la zambarau kuliko yote ni hapohapo panapouma. Sasa hivi yamekuwa kama rangi ya chai, mtoto wangu ananiuliza nani kanipiga na vifuniko vya sufuria.

Usiku ule nililala kwa ubavu wa kulia, sijalala hivyo tangu mwaka jana. Siku ya tano maumivu yakarudi, si yote, kama nusu. Sasa nashindwa kujua ni vikombe au ni ile Jumapili nzima niliyopumzika bila kushona.

#37 Fundi Overloki

Mama Shufaa, mimi fundi mwenzako, Morogoro. Vikombe sivijui, ila nikuulize: kiti chako na meza ya cherehani vikoje? Nilikuwa na bega kama lako miaka mitatu. Kiti kilikuwa chini, kila nikisukuma kitambaa bega linapanda sikioni, siku nzima. Nikawekea mbao mbili chini ya miguu ya kiti, kiwiko kikawa sawa na meza. Mwezi wa pili nikasahau kama nilikuwa naumwa.

#38 Mama Shufaa

Umesema kweli, kiti changu kiko chini, nilikirithi kwa fundi aliyekuwa mrefu. Leo leo naweka mbao.

#39 Hajjam wa Ng'ambo

Weka mbao. Na doa kuwa la zambarau palepale panapouma, hilo dada nesi atuambie ni bahati?

#40 Nesi wa Zamu

Sijasema bahati. Inawezekana alivuta pampu zaidi pale alipoambiwa panauma, na inawezekana msuli uliokaza una vimishipa vilivyobanwa vinavyopasuka upesi. Alivuta mara ngapi kila kikombe, Mama Shufaa?

#41 Mama Shufaa

Vya pembeni mara mbili. Cha bega, mara nne au tano, nilisikia zile tik tik.

#42 Mzee wa Pangani

Babu alifyonza wote sawa, pumzi moja, na madoa mengine yalitoka meusi na mengine mekundu. Nililiona hilo mtoto mdogo. Mniambie na hilo.

#43 Chuma Chakavu

Nimesoma kuanzia #1. Mimi nina sukari, natumia metformini, na hiki kiuno ni cha kuendesha lori Tunduma na kurudi. Ya wembe mimi vipi?

#44 Nesi wa Zamu

Sukari yako ya asubuhi ni ngapi, na kidonda kikikupata kinachukua muda gani kufunga? Njoo na hizo namba mbili kwanza, mkuu. Na usiku wa leo vua soksi uangalie nyayo zako.